Alama Kumi na Moja za Vema

Wifi yangu alifundisha Kiingereza miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo alikuwa hasomi. Msinielewe vibaya. Alikuwa akisahihisha. Ungempa karatasi iliyoandikwa kwamba nyumba yake inaungua, angeongeza herufi uliyoisahau, angeweka mkato pale unapotakiwa, kisha angechora alama ya vema kwa kalamu nyekundu na kuandika chini yake, "Umejitahidi." Nilimtania hivyo mbele ya watu siku ya harusi yangu, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile huwa nainuka mezani na kutafuta kazi ya kufanya.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mitano na mdogo wake sita, na tangu hapo alimwogesha, alimpikia, alimpeleka shule kwa kumburuta mkono. Mume wangu akakua na ugonjwa wa watu wote waliolelewa na dada zao: kila mtu anaweza kumwambia kitu akasikia, isipokuwa dada yake. Akiambiwa na dada achukue mwavuli, basi hata kama mawingu yameshika paa, ataondoka mikono mitupu. Wifi mwenyewe aliolewa mara moja, kwa miezi minane. Watu walipomuuliza kilichotokea alijibu kwamba yule bwana alikuwa na makosa mengi yasiyosahihishika, na hapo mazungumzo yakaisha.

Alipostaafu shule aliajiriwa na kinu cha ngano, pale pale tulipokuwa tukifanya kazi mimi na mume wangu. Kinu kilikuwa jengo la ghorofa nne, la kijivu, linalotetemeka mchana na usiku kiasi kwamba ukiweka kikombe mezani kinatembea chenyewe mpaka ukingoni. Mimi nilikuwa karani, dirisha la kwanza ukiingia. Mume wangu alikuwa ghorofa ya nne, juu kabisa, kwenye ule mkanda wenye ndoo unaopandisha nafaka kutoka chini. Alirudi nyumbani mweupe kope mpaka viatu, na watoto walimwita Babu ingawa hakuwa na mvi hata moja.

Wenye kinu walikuwa wamebadilika, na hao wapya walitaka kila karatasi iandikwe kwa Kiingereza. Karatasi ya likizo, karatasi ya vipuri, na ile ya njano ambayo mtu hujaza akiona jambo la hatari kazini. Wafanyakazi wakaacha kujaza. Ndipo ofisi ikaona lianzishwe darasa, kila Jumanne na Alhamisi kwenye kantini baada ya zamu ya asubuhi, na wifi ndiye akawa mwalimu. Wanafunzi walikuwa tisa, wanaume watupu, wengine wana wajukuu. Aliwaita kwa namba kama alivyozoea shuleni, kwa sababu, alisema, namba haina upendeleo. Akisema "Moja", mtu mzima mwenye kitambi anasimama na kujibu, "Nipo, mwalimu."

Mume wangu hakwenda. Nilimbembeleza, nilimnunia, sikufua dafu. Alisema dada yake amemwita kwa namba ya kutosha utotoni, na hawezi kukaa kwenye kiti cha kantini kuulizwa mbele ya wenzake kama amenawa mikono.

Sasa niseme daftari zilivyokwenda, maana hapo ndipo penyewe. Alhamisi wanaandika. Ijumaa daftari zinaletwa dirishani kwangu, nagonga mhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, ili ijulikane kwamba darasa lilifanyika. Jumapili wifi anasahihisha akishamaliza kufua. Jumanne zinarudi kwa wenyewe. Mimi sikufungua kusoma, haikuwa kazi yangu. Wifi hakusoma, kama nilivyosema. Huko juu ofisini hazikufika kabisa. Lakini mtu aliyesimama upande wa pili wa dirisha angeyajuaje hayo?

Wifi alikuwa na mtindo wake: muhula mzima fungu moja la maneno, kila wiki sentensi moja, mpaka maneno yaingie damuni. Muhula ule ilikuwa zamu ya "still holds true", yaani jambo fulani lilisemwa zamani na mpaka leo lingali kweli. Wakaandika kila mtu na lake. Mlinzi wa getini, Namba Saba, aliandika kwamba aliyoyasema marehemu baba yake kuhusu wanawake warefu yangali kweli, na wifi, mrefu kama mlingoti, akaweka vema. Mwingine aliandika juu ya timu yake ya mpira na uchungu inaoleta. Namba Tatu alikuwa Fundi Grisi.

Fundi Grisi alikuwa na miaka hamsini na minane, mikono yake haikutakata hata siku ya sikukuu, na alikuwa mtu wa kuongea maneno matano kwa siku, mawili kati ya hayo yakiwa salamu. Miaka minne nyuma, kabla ya darasa, alikuwa amejaza karatasi ya njano kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, ikarudishwa na maandishi kwamba haieleweki. Hakugomba. Darasa lilipoanza alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Nyumbani nilikuwa na furaha zangu ndogo. Mume wangu alinisimulia, kama jambo la kuchekesha, kwamba siku hizi hawanywi tena chai baridi kule juu. Wanaiweka chupa juu ya kasha la beringi ya mkanda wa ndoo, dakika kumi, na chai inachemka. Nilicheka. Nilimwambia basi aende na mihogo vilevile aichemshe huko, asinimalizie gesi. Nilisema hivyo, kwa kinywa changu, huku namkung'uta unga mabegani.

Wiki ya kumi na moja ilipopita, Fundi Grisi alikuja dirishani siku ya Jumatano, daftari mkononi. Aliniamkia, akasimama. Mtu huyu hakuwa wa kusimama dirishani bila sababu, nikaweka mhuri chini.

"Mama, samahani," alisema. "Wamejibu nini?"

"Nani, fundi?"

"Ofisi. Nimewaandikia mara kumi na moja. Wewe umegonga mhuri, mwalimu ameweka vema. Nikajua limeonekana. Ila naona hakuna anayepanda juu kuangalia."

Nilichukua daftari. Kiingereza changu ni cha karani lakini kilitosha. Sentensi ya kwanza ilisema: Fundi aliyenifundisha kazi alisema kwamba ukiweza kuandika jina lako kwa kidole kwenye vumbi la unga lililo juu ya boriti, vumbi hilo limeshazidi, na hilo lingali kweli. Ya pili ilisema kwamba yeye ameandika jina lake ghorofa ya nne, na la mke wake, na la watoto wote sita. Ya nne ilieleza kwamba vumbi la unga likitimka hewani na kukutana na kitu cha moto huripuka kama baruti, fundi wake alishaona kinu kingine kikiondoka paa kwa namna hiyo. Ya saba ilisema beringi inayochemsha chai ni beringi inayokufa. Ya kumi na moja ilikuwa fupi. Aliyosema fundi wangu yangali kweli, na sasa ninaogopa.

Chini ya kila sentensi kulikuwa na mhuri wangu na vema nyekundu. Chini ya ile ya mwisho wifi alikuwa ameandika, "Matumizi sahihi kabisa!"

Nilimpeleka fundi mpaka kantini, wifi akiwa anapanga viti. Alisoma amesimama, kisha akakaa. Fundi alimuuliza kwa upole, kwa adabu zote, bila hata chembe ya lawama, na nadhani upole huo ndio uliomuumiza zaidi.

"Mwalimu, mbona uliweka vema?"

"Kwa sababu hakukuwa na kosa," wifi alisema.

Kesho yake asubuhi tuliingia watatu kwa meneja. Sitamsingizia, hakuwa mtu wa kufoka. Alitukaribisha viti, alisoma daftari lote kwa makini, na neno lake la kwanza lilikuwa kumsifu wifi kwa Kiingereza cha mwanafunzi wake. Kisha akauliza kwa nini karatasi ya njano haikujazwa. Fundi akaeleza ile iliyorudishwa. Meneja akaandika kitu. Mwishowe alisema mambo mawili: kwamba ghorofa ya nne itasafishwa Jumapili, na kwamba Fundi Grisi apumzike nyumbani kuanzia kesho mpaka itakapochunguzwa alivyojua hatari muda wote huo bila kuitolea taarifa. Nilitaka kusema. Wifi alitaka kusema. Simu ikalia, na meneja akatuonyesha mlango kwa mkono mmoja.

Mchana ule fundi alihudhuria darasa kama kawaida, akaandika sentensi yake ya kumi na mbili, akafunga daftari. Ijumaa aliliweka mwenyewe dirishani kwangu, begi la safari begani, anakwenda kwa binti yake mji wa pili. Hakuonekana na kinyongo. Alikuwa na sura ya mtu aliyetua mzigo.

"Sasa najua mnasoma," aliniambia.

Nikamtakia safari njema. Kulikuwa na watu foleni nyuma yake, na bili ya umeme haijalipwa, na daftari tisa zilizorundikana. Nikagonga mhuri, nikafunga, nikaweka kwenye furushi. Wenzangu kazini huniambia nisijitese. Najitesa.

Jumapili mume wangu aliondoka mapema. Walioitwa kusafisha walikuwa wanane: yeye na wale wa darasani, wote ila fundi, na ila Namba Saba aliyekuwa zamu getini. Alifurahi kwamba kazi itakuwa ya nusu siku, kwa kuwa meneja ameagiza wasipoteze muda na mafagio, watumie kompresa, mpira mmoja wa upepo unapuliza boriti zote. Mashine zisizimwe, kuna mzigo lazima utoke Jumatatu. Nilimfunga kitambaa puani. Akaziba masikio kwa pamba, akaniambia nimsemeshe sasa kama nina la maana, maana kuanzia hapo ni bubu na kiziwi. Nikamwambia alete mkate akirudi.

Saa nne asubuhi nilimwona wifi anakuja mtaani kwetu. Anakimbia. Yule mwanamke alikuwa na goti bovu la kulia tangu ujana, hakimbii hata mvua ikimkuta, na alikuwa anakimbia na ndala moja, daftari limefunguliwa mkononi. Kabla hajafika mlangoni nilishajua ni daftari la nani.

"Wanasafisha na nini?" aliniuliza.

Nilimwambia. Akanipa nisome mwenyewe, kwa sababu pumzi hazikumtosha. Fundi alikuwa ameandika: Fundi wangu alisema, siku ya kusafisha zimeni kila mashine, fagieni polepole kuanzia juu, na msipulize vumbi kwa upepo kamwe, kwa sababu mtakuwa mmelitengeneza wingu wenyewe, na hilo lingali kweli. Mhuri wangu ulikuwa juu yake, umenyooka vizuri. Hapakuwa na vema. Palikuwa na doa jekundu tu, pale kalamu ilipogusa karatasi na kusimama.

Kutoka kwetu hadi kinuni ni mwendo wa dakika kumi na tano. Sijui tulitumia ngapi. Najua tulipofika kwenye kona ya ghala niliisikia kompresa, na juu ya madirisha ya ghorofa ya nne kulikuwa na weupe unaotoka taratibu, kama nyumba inavuta sigara.

Namba Saba alitaka kutuuliza tuna kibali gani. Wifi hakusimama. Alimwambia azime swichi kuu, akamwambia kwa sauti ile ya darasani, na mzee mzima yule akaacha geti wazi akakimbia. Sisi tukaingia chini ya ngazi. Kule chini hakuna aliyeweza kuona zaidi ya hatua sita. Unga ulikuwa unashuka kwenye uwazi wa ngazi, unakaa kwenye nywele, unaingia mdomoni, una utamu kidogo.

Nilidhani atapiga kelele za moto, za hatari, kama ambavyo ningepiga mimi. Hakupiga. Alishika chuma cha ngazi, akainua uso, akaita rejista.

"Moja!"

Kutoka juu, kwa mbali, ikaja sauti ya kuduwaa: "Nipo, mwalimu."

"Shuka. Mbili!"

"Nipo."

"Shuka!" Tatu akairuka. Akaita Nne, akaita Tano. Wakaanza kushuka, weupe, wanapangusa macho, wengine wanacheka kwa aibu, na kila aliyefika chini nilimsukuma nje uani bila kumweleza. Mazoea ni kitu cha ajabu. Ungewaambia jengo linaripuka wangesimama kukuuliza nani kasema. Ukiwaita kwa namba walikuja. Sita, Nane, Tisa. Saba yuko nje. Niliwahesabu uani, wote wa darasa walikuwepo.

"Kumi!" wifi akaita.

Nilimtazama. Darasa halikuwa na namba kumi. Nikadhani amechanganyikiwa.

"Kumi!" akaita tena, na sauti yake sasa haikuwa ya darasani.

Hakuna aliyejibu. Kompresa ilikuwa bado inanguruma huko juu, na mtu mmoja aliyebaki nayo alikuwa na pamba masikioni. Nikaweka mguu kwenye ngazi. Wifi alinishika kwa nyuma ya gauni akanivuta mpaka nikakaa chini.

"Watoto wako bado wadogo," alisema. "Na huyu hakunisikia tangu utotoni, mpaka afuatwe."

Akapanda. Nilimwona mpaka mguu wa kulia ulipopotea kwenye ule weupe, anauvuta kila ngazi. Muda si muda sauti ya mashine ikaanza kushuka, Namba Saba amefikia swichi, kompresa nayo ikakohoa ikanyamaza. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Sikufikiria kwamba beringi iliyokwisha shika moto haipoi kwa sababu umezima umeme.

Mume wangu anasema alihisi mtu anamgonga begani. Anasema aligeuka akamwona dada yake, mweupe mwili mzima, anamwonyesha mlango wa ngazi ya nje kwa kidole, kama anavyomtoa mtoto mtundu darasani. Anasema alikasirika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakubishana, na hata leo hajui ni kwa nini. Alitoka mbele, dada nyuma. Alikuwa ameshashuka vyuma kumi na viwili vya ngazi ya nje, na dada yake, kwa lile goti, anageuka mlangoni ashike chuma cha kwanza.

Mlio wenyewe sikuusikia kama mlio. Niliuhisi kifuani, kisha paa la ghorofa ya nne likainuka lote kwa pamoja na madirisha yakatoka.

Mume wangu alivunjika mkono na sikio la kushoto halisikii tena. Wale saba wa uani walikwaruzwa na vioo. Wifi tulimzika siku ya tatu, na waliobeba jeneza walikuwa wanafunzi wake, Fundi Grisi mbele kulia, hakumruhusu mtu kumpokea mpaka makaburini.

Wachunguzi walipokuja, meneja alisema kwa utulivu ule ule kwamba hakuna taarifa yoyote iliyowahi kutolewa kwa utaratibu. Niliomba ruhusa, nikaweka daftari mezani. Taarifa kumi na mbili zimepokelewa, nikasema, mhuri ni wa kwangu, tarehe ni za kwangu, na mimi sikusoma. Hilo nililisema mara mbili ili liandikwe.

Wiki iliyofuata nilikwenda kufunga chumba chake. Kitanda kimetandikwa, nguo zilizofuliwa Jumapili ile bado ziko kwenye beseni zimevunda. Kalamu nyekundu ilikuwa sakafuni. Mezani nilikuta rejista ya darasa la kantini, miaka mitatu yote, na nikaifungua kwa sababu sasa nafungua kila kitu.

Mistari tisa ilikuwa imeandikwa kwa wino. Wa kumi ulikuwa kwa penseli, jina la mume wangu, majina yote matatu kama aliyoandikishwa siku alipoburutwa shule kwa mkono. Mbele yake, kila Jumanne na kila Alhamisi, kwa miaka mitatu, dada yake alikuwa ameandika: hayupo, hayupo, hayupo. Hakuruka hata siku moja.

Nilimpelekea. Alikuwa amekaa ukingo wa kitanda, mkono kwenye plasta. Alisoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, akifuata kwa kidole, na sikumharakisha. Kisha akaniomba kalamu. Ni mkono wa kulia uliovunjika, kwa hiyo aliandika kwa kushoto, kwenye kisanduku cha mwisho ambacho hakikujazwa, kwa herufi kubwa zinazoyumba kama za mtoto wa miaka sita: nipo, mwalimu.